Kaka Alitoa Sailensa, Lawama Nikapewa Mimi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla hujafika mbali naomba usicheke, kwa sababu jambo linaloninyima raha ni bomba la moshi la gari, na gari lenyewe si langu, mimi ni msichana wa sekondari ambaye sijawahi hata kushika usukani, lakini mtaa mzima unaamini kwamba kelele zinazowaamsha watoto wao ni matokeo ya akili yangu, na anayeamini hivyo kuliko wote ni mama yangu mzazi.

Nianze na mama ili unielewe. Kazi ya mama ni kusoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi, na rekodi hizo hupelekwa kwa wanafunzi wasioona ili wasome kwa kusikiliza. Anafanyia kazi hiyo nyumbani, katika chumba kidogo kinachotazama barabara, amesimamisha magodoro ya zamani ukutani na kutundika mablanketi dirishani ili sauti za nje zisiingie, na akishavaa hedifoni zake na kuwasha maiki sisi wengine tunatembea bila viatu na hata kijiko hakidondoki. Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia kurasa, maana ukurasa ukifunguliwa ovyo unasikika, na nilikuwa najivunia sana kwamba kurasa zangu hazisikiki. Sasa hivi anasoma kitabu cha baiolojia cha wanafunzi wanaokaribia mtihani wa mwisho.

Kaka yangu ni fundi wa mashine za fotokopi, anazunguka maofisini kutwa nzima. Aliwahi kukosana na mama akahama, akakaa mbali miaka miwili bila hata kupiga simu, walichokosania si cha gazetini kwa hiyo nisamehe nikikiruka. Mwaka jana alirudi. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili pale mlangoni, halafu akaenda jikoni kuongeza maji kwenye sufuria. Kaka alirudi na gari lenye turbo, na gari hilo analipenda kuliko anavyojipenda mwenyewe, maana yeye anavaa shati lililokunjamana lakini gari linafutwa kwa fulana mpya.

Basi bomba la moshi la gari hilo lilikuwa limeliwa na kutu hadi likatoboka, likawa linatoa sauti kama ya mtu anayekohoa ndani ya pipa, na mama akamwambia kaka kwa upole, "Mwanangu, gari lako linasoma pamoja nami, na linasoma vibaya." Kaka akanigeukia mimi. Huwa ananiita Profesa, tangu nikiwa mdogo, na zamani nilipenda.

"Profesa, wewe si unasoma mpaka maandishi ya kwenye boksi la dawa ya meno? Nitafutie ekzosi mpya itakayoliongezea gari nguvu na isimkere mama. Nguvu na utulivu, vyote viwili. Ukiweza hilo nakuvulia kofia."

Mshauri, mimi ni mtu ambaye darasani najua jibu na sinyooshi mkono, kwa hiyo kupewa kazi ya kusoma tu bila kusimama mbele ya mtu ilikuwa zawadi, na nikaifanya kwa moyo wote, nilikaa maktaba mpaka mtunza maktaba akaniuliza kama nimeacha masomo mengine. Nikaelewa kwamba turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ipate nguvu, inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na moshi huo ukishaizungusha unataka njia pana na nyepesi ya kutokea, ndiyo maana watu wengi hung'oa kila kitu na kuacha bomba tupu wakidhani hiyo ndiyo nguvu. Lakini kumbe zipo sailensa, yaani vile vizuia kelele vya bomba, ambazo ndani yake bomba limenyooka moja kwa moja, lina vitundu vidogo ubavuni na limezungushiwa sufi maalumu inayomeza sauti, hivyo moshi unapita bila kukwama na kelele inabaki kwenye sufi. Nikaona zinatakiwa mbili, ndogo ya katikati ya kuua ule mvumo unaojaa ndani ya gari likiwa kwenye mwendo, na kubwa ya nyuma ya kumalizia. Bomba lenyewe liwe pana kuliko la zamani lakini lisizidi kiasi, kwa sababu pana kupita kiasi haliongezi chochote ila ngurumo.

Nikaenda na kaka gereji. Fundi wa ekzosi pale ameshachoma na kukata vyuma miaka mingi kiasi kwamba anaongea kwa kupayuka hata ukiwa umesimama mbele ya pua yake, na mimi sauti yangu unaijua ilivyo hata kama hujawahi kuisikia.

"Binti anasemaje?"

"Sailensa mbili," nikasema.

"Ngapi?"

"Mbili."

"Sema kwa nguvu, hapa si maktaba!"

"Mbili!"

"Za nini? Gari ya turbo haitaki sailensa! Turbo yenyewe ni sailensa!"

Nikamjibu kwamba ni kweli turbo inapunguza sauti kidogo, hasa gari likiwa limesimama linaunguruma polepole hapo uani, lakini likianza kupanda mlima na mguu umekanyaga mafuta habari inabadilika. Fundi akamtazama kaka. Kaka akacheka, akasema, "Fanya anavyosema Profesa, leo huyo ndiye bosi wangu." Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto.

Zikafungwa. Nilikuwepo, niliziwekea alama ya chaki mimi mwenyewe pale zinapoungana na bomba. Tukalijaribu gari kwenye ule mlima wa kupanda shuleni kwetu, kaka akakanyaga mafuta, gari likaondoka kama limesukumwa na mkono, na ndani nikawa namsikia kaka akipiga mluzi. Akasema, "Mama atadhani nimeuza gari nimenunua baiskeli." Akanishusha getini kwetu, akaondoka. Ningependa hadithi iishie hapo, Mshauri, lakini hapo ndipo ninapoanza kukasirika.

Alasiri hiyo nilikuwa nimekaa na mama chumbani kwake, tuko kwenye sura ya figo, nimeshika ukurasa kwa ncha za vidole, tukasikia kitu kinakuja kutoka mwisho wa barabara. Sikujua ni nini. Nilidhani ni lori la kubomolea nyumba. Kikaja, kikapita mbele ya dirisha, kikazima mlangoni kwetu, na glasi ya maji juu ya meza ya mama ikawa bado inatetemeka. Mama akavua hedifoni taratibu, akatoka nje, mimi nyuma yake. Alikuwa kaka, na pembeni yake amekaa rafiki yake tunayemwita Kipaza, ambaye hajui kusema jambo lolote kwa sauti ya kawaida.

"Mwanangu, hiki ni nini?" mama akauliza.

Kaka hakunitazama. Akasema, "Mama, usinilaumu mimi. Muulize Profesa. Ndiye aliyechagua, amesoma vitabu vyote."

Nikafungua mdomo, Mshauri, naapa nilifungua, na hakuna kilichotoka. Mama akanigeukia.

"Wewe? Wewe unayekijua hiki chumba kuliko mtu yeyote?"

Akanisubiri kidogo. Halafu akasema, "Basi, sawa," akaingia ndani. Angenichapa ningeumia kidogo kuliko ile "basi, sawa."

Tangu hapo mama anafungua kurasa mwenyewe. Hajanigombeza. Ananiambia njoo ule, nenda kaoge, umefanya kazi ya shule, yote kama kawaida, ila mlango wa chumba kile anaufunga akiwa peke yake, na mimi nasikia kutoka nje jinsi kurasa zinavyokwaruza.

Wiki iliyofuata rekodi zilirudishwa. Kule ofisini zinakopelekwa kuna mkaguzi anayesikiliza kila rekodi kabla haijatumwa, naye mwenyewe haoni, ni mtu wa utani sana, akampigia mama simu, na mama akaiweka kwenye spika.

"Mama, sura ya figo umeisoma vizuri kabisa, ila humo ndani kuna mnyama."

"Mnyama gani tena?"

"Mimi ndio uniulize? Sioni! Ila ni mkubwa, ananguruma, na anapita kila ukifika kwenye mkojo."

Mama akacheka kwa adabu. Halafu yule mkaguzi akaacha utani, akamwambia kwamba sura zote zenye ngurumo zirudiwe na zifike safi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo ofisi italazimika kumpa kitabu msomaji mwingine, na huyo ataanza ukurasa wa kwanza, na wanafunzi wataingia kwenye mtihani wakiwa wamesikiliza nusu ya kitabu. Mama akaweka simu mezani, akakaa akiitazama. Na kaka alikuwa pale pale, anakula chungwa.

Nilipoenda kuchukua mwamvuli wa mama kwenye buti la gari ndipo nilipoziona. Sailensa zote mbili, zimefungwa kwenye ovaroli la kaka la kazini, zinang'aa, alama zangu za chaki bado zipo. Hazikuharibika, hazikuwa na tatizo lolote, zilikatwa tu na bomba tupu likaunganishwa mahali pake. Nikamwita kaka nje.

"Kwa nini?"

"Kipaza alisema gari linalia kama cherehani. Mbele ya watu, Profesa. Gari ya turbo, cherehani! Ulitaka nisemeje?"

"Na mama je?"

"Mama atazoea."

"Umesema ni mimi."

"Sasa wewe mama atakufanya nini? Wewe ni mtoto wake wa vitabu, kesho kutwa amesahau. Mimi nikikosea kidogo tu tunarudi kule kule. Unataka nihame tena? Haya, nenda kamwambie."

Akafunga buti. Akaondoka, na bomba lake likaniaga mtaa mzima ukisikia.

Nimekasirika, Mshauri, sijui kama mtu wa umri wangu anaruhusiwa kukasirika hivi. Mwenye duka la kona ananiambia, "Kumbe ni wewe! Watu wa vitabu nanyi mna mambo!" Mama wa jirani, mwenye mtoto mchanga, ananipita bila salamu. Mimi ambaye nikiingia mahali natafuta kiti cha nyuma, sasa nikishushwa shuleni na kaka wanafunzi wanasimama kwenye madirisha ya ghorofa zote kunitazama nikishuka, na mwalimu wa fizikia ameniuliza kama ni kweli nilipiga hesabu mwenyewe. Na juzi Kipaza alikuja nyumbani na gari lake, akapayuka kutoka getini mama akiwa anasikia, "Dada Profesa! Nichagulie na mimi ekzosi kama ya kaka yako! Una mkono mzuri!" Nilisoma kwa ajili ya utulivu, na sasa nasifiwa kwa ajili ya kelele. Hilo ndilo linaloniuma hata nikiwa nimelala.

Swali langu ni hili. Nikimwambia mama ukweli, kaka atakuwa mwongo mbele yake na huenda akahama tena, na nimeona kwa macho yangu mama alivyokuwa ile miaka miwili, alikuwa anaacha taa ya nje ikiwaka na kusema amesahau kuizima. Nikinyamaza, kaka anabaki, mama ananiona mtu asiyemjali, na kitabu kinaweza kuchukuliwa. Nifanye nini? Na tena, kuna namna yoyote ya kulifanya gari la turbo liwe na nguvu na lisipige kelele ambayo hata Kipaza hawezi kuicheka, ili kaka akose kisingizio? Au nilikosea mimi kusoma?

Naomba usitaje jina langu.

Ni mimi, nisiyetaka tena kuitwa Profesa

*

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu,

Sikucheka. Nilicheka pale kwa mkaguzi tu, na hapo hata mama yako alicheka. Sehemu nyingine zote nimesoma nikiwa nimekunja uso, na nina hasira na watu watatu, mmoja wao ni wewe, kwa hiyo kaa vizuri.

Wa kwanza ni kaka yako, na najua gazeti hili litamfikia, kwa hiyo nitasema naye moja kwa moja. Wewe mwanamume mwenye kazi yako na gari lako, umetafuta mahali pa kujificha duniani kote ukaona pazuri ni nyuma ya sketi ya shule ya mdogo wako? Ulimtuma kazi, akaifanya vizuri, ukapiga mluzi ndani ya gari kwa raha ya kazi yake, halafu mtu mmoja akataja cherehani na ukaikata kazi hiyo kwa msumeno. Hilo tu lingekuwa upumbavu wa kawaida, ningekusamehe, vijana na magari yao nimewazoea. Lakini kumtwika yeye lawama kwa sababu "mama atakufanya nini" ni uonevu. Tena unajua ni uonevu, maana hukumtazama usoni ulipokuwa unasema.

Wa pili ni huyo Kipaza. Yeye simpotezei wino. Akirudi getini kuomba ushauri, mwambie: sailensa mbili. Mwambie kwa nguvu, hapo si maktaba.

Wa tatu ni wewe. Umeniandikia barua ndefu, nzuri, hakuna sentensi iliyokushinda, umenieleza mpaka sufi iliyomo ndani ya sailensa. Mama yako aliyelala chumba cha pili hujamwambia hata neno moja. Siku ya kwanza ulikosa sauti, sawa, inatokea, hata mimi imenitokea. Lakini siku ya pili? Na siku ile simu ilipopigwa, ukamwona mama ameketi anaitazama simu, na wewe unajua kilichomo kwenye buti? Haya yako ya kuogopa watu ina sababu zake na sikudai uwe mtu mwingine, lakini unaitumia kama ruhusa. Mtoto asiyeona anayesubiri sura ya figo hajali kama una haya au huna.

Sasa hofu yako, maana hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Unaogopa kaka atahama. Nisikilize vizuri: hukumfukuza wewe mara ya kwanza, hukumrudisha wewe, na si kazi yako kumshikilia kwa kubeba makosa yake. Alipokuambia "unataka nihame tena?" alikuwa anakutisha kwa kidonda cha mama yako, na hilo limeniudhi kuliko ekzosi. Mama aliyeacha taa ikiwaka miaka miwili hatamtoa mwanawe nje kwa ajili ya kipande cha bomba. Atafoka. Aache afoke. Nyumba ambayo mtu anabaki kwa sababu mtu mwingine amenyamazishwa haijapona, imetulia kwa nje tu.

Na usidhani mama yako hajui kusikiliza. Mtu anayeishi ndani ya hedifoni anajua sauti ya mtu anayesema kweli na ya mtu anayekwepa. Alikuuliza "wewe?" na akasubiri. Umeniandikia mwenyewe kwamba alisubiri. Inawezekana kabisa kwamba kilichomuumiza si kwamba ulichagua bomba baya. Ni kwamba alikupa nafasi ya kusema na ukaiacha ipite.

Kuhusu gari. Hukukosea kusoma, na usiniulize tena swali kama hilo. Mimi nimeendesha magari miaka mingi na nimewahi kuuziwa bomba tupu na fundi wa aina hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo ya turbo kuwa sailensa. Kosa la watu wa gereji, na la wateja wao, ni moja: wanachagua ekzosi gari likiwa limesimama uani, katikati ya kelele za kukata vyuma, wakiwa wameinama nyuma yake kama wanapima homa. Hapo hata bomba tupu la turbo linasikika la adabu. Ulilisema hilo pale pale na ulikuwa sahihi. Ekzosi inachaguliwa barabarani, kwenye mlima, na inachaguliwa na anayekaa ndani ya nyumba, siyo anayekaa ndani ya gari.

Sailensa unazo. Haziozi kwenye buti, zirudishwe. Ya katikati irudi kwanza, kwa sababu ndiyo inayoua ule mvumo, halafu ya nyuma. Viungo vyote vichomelewe mpaka visivuje, kwani kiungo kinachovuja kinapiga filimbi na kaka yako atasema ni sailensa zako. Bomba lining'inizwe kwa vishikizo vyake vya mpira lisigonge sakafu ya gari. Upana uliochagua ubaki ulivyo. Nguvu haitapotea, ulishaiona mwenyewe kwenye mlima, na kaka yako aliiona pia. Kama anataka mngurumo wa kumfurahisha Kipaza, akaununue kwenye redio ya gari, afunge vioo, asikilize peke yake.

Bomba likishafungwa, msiamue pale gereji kama gari limetulia. Mama aingie chumbani kwake, awashe maiki, asome ukurasa mmoja. Kaka apite mbele ya dirisha na kupanda barabara kama anavyopita siku zote, mguu wake ule ule, asijifanye mnyonge siku hiyo. Kisha wote watatu msikilize rekodi. Yule mnyama akisikika hata kwa mbali, gari linarudi kwa fundi. Hakuna kubishana, hakuna "mama atazoea." Mpaka siku hiyo ifike, gari liachwe mwisho wa barabara mama anaporekodi, na kaka atembee. Miguu anayo.

Na maneno yatasemwa hivi. Leo, akirudi kutoka kazini, mfuate kaka kabla hajavua viatu, umwambie sentensi moja: "Kabla ya chakula mwambie mama ulizikata wewe, au nitamwambia mimi ukiwa umekaa hapo." Usieleze zaidi, ukianza kueleza atakuzidi maneno. Akisema mwenyewe, nyamaza, muache amalize, wala usimsaidie na usimwongezee. Asiposema, wewe sema mezani, yeye akiwepo. Sauti ikigoma, usikimbilie chumbani kulia. Nenda kwenye buti, leta sailensa zako mbili, ziweke mezani mbele ya mama, simama hapo mpaka akuulize ni nini. Akikuuliza, jibu. Swali hilo hilo aliliuliza mlangoni na bado anadai jibu lake.

Halafu kesho yake muombe akurudishe kwenye kurasa. Muombe kwa mdomo. Sura zilizoharibika zinataka kurudiwa zote, mwezi unakwisha, na kuna wanafunzi mahali fulani wamekaa na mashine zao wakisubiri figo zifike, na hakuna mtihani hata mmoja utakaosogezwa mbele kwa ajili ya turbo ya mtu. Mna kazi. Ifanyeni.

Mshauri